Tuliandaa Safari, Hatukuandaa Timu



Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Magomeni. Jumamosi moja, baada ya Misa ya asubuhi, vijana sita wa sekondari walinisubiri chini ya mwarobaini nje ya kanisa. Mmoja alikuwa amebeba mfuko mkubwa wa jezi mpya, bado zina harufu ya dukani. Timu ya shule yao ilikuwa inasafiri baada ya wiki mbili kwenda kucheza mechi za kirafiki mkoani.

"Shikamoo Frateri. Tunaomba utubarikie jezi."

Niliwaambia hilo wamwombe Baba Paroko, mimi bado ni mwanafunzi. Nahodha wao hakukata tamaa. "Basi tuombee tu hata wewe, Frateri. Tukishaombewa, tumemaliza."

Nikawauliza wanafanya mazoezi siku gani. Wakatazamana. Mmoja akasema uwanja umejaa maji kwa sababu ya mvua, mwingine akasema mwalimu wa michezo ana semina. Nilisali nao, Baba Yetu na Salamu Maria, wakashukuru wakaondoka. Lakini lile neno "tumemaliza" sikuweza kulisahau, maana niliwahi kulisema mwenyewe, na gharama yake naijua.

Katika makala hii napenda tujifunze pamoja maana ya maandalizi. Nitatumia mpira wa shule kwa sababu ndio ninaoufahamu, na pia kwa sababu Mtakatifu Paulo hakuona aibu kutumia michezo alipotaka kuwafundisha Wakorintho. Swali langu ni moja: mtu anaposali kabla ya kazi aliyoikwepa kuiandaa, anafanya nini hasa?

Safari ya Morogoro

Miaka minane iliyopita nilikuwa kidato cha tatu, kipa wa timu ya shule. Tulialikwa Morogoro kucheza mechi mbili na shule moja ya huko, na taarifa tulipewa wiki tatu kabla. Nikikumbuka tulivyozitumia zile siku ishirini na moja, nashikwa na aibu na kicheko kwa pamoja.

Wiki ya kwanza iliishia kwenye michango. Shilingi 15,000 kila mmoja, na orodha ya wasiotoa ikawa inasomwa paredi. Wiki ya pili ilikuwa ya jezi. Tulivuka Jangwani kwenda Kariakoo mara tatu: kwanza kuulizia bei, halafu kulipia, halafu kurudisha jezi ya nahodha ambayo jina lake lilikuwa limekosewa mgongoni. Tulibishana siku mbili nzima nani avae namba 10. Wiki ya tatu tulitafuta basi, spika ya muziki wa njiani na mahali pa kupigia picha ya timu. Mazoezi ya kweli tulifanya siku sita. Katika hizo sita, siku mbili tulicheza wenyewe kwa wenyewe, waliovaa fulana na waliovua, huku tukicheka.

Hakuna aliyetudanganya. Kila mtu alikuwa na shughuli nyingi na kila jioni tulirudi nyumbani tumechoka. Hapo ndipo penye mtego: uchovu wa kuandaa safari unafanana sana na uchovu wa kuandaa timu, na mwili hauwezi kukuambia tofauti mpaka siku ya mechi.

Usiku wa kuamkia mechi ndipo tulipoanza kuogopa. Tuliwaona wenyeji wakikimbia jioni kwenye barabara inayopanda upande wa milima ya Uluguru, mistari miwili, bila kelele, na tukaelewa kwamba wale hawakuanza juzi. Bwenini tulikolazwa tukaanza sala. Karibu nusu ya timu walikuwa Waislamu. Wao waliomba dua upande wao, sisi tukasali rozari upande wetu, hadi saa nane usiku. Sala ile ilikuwa ya kweli, sitaki mtu aidharau. Lakini mimi niliongeza jambo langu. Nilikuwa na medali ya Bikira Maria aliyonipa bibi yangu siku ya kipaimara. Alfajiri nilikwenda peke yangu uwanjani nikaifukia chini ya mwamba wa goli, upande wa kushoto, ambao ndio niliokuwa dhaifu.

Tulimaliza kipindi cha kwanza moja kwa moja. Kipindi cha pili tulifungwa mabao matano. Miguu iliisha dakika ya hamsini na kitu, na kuanzia hapo tulikuwa tunawasindikiza tu. Mabao matatu kati ya hayo matano yalipita kushoto kwangu. Kesho yake, mechi ya pili, tulifungwa nne bila.

Jioni nilirudi na kijiti kuitafuta medali. Nilichimba, sikuiona.

Ndani ya basi, njiani kurudi Dar es Salaam, tulikuwa tayari na maelezo. Wapo waliosema wenyeji walikuwa na kamati ya ufundi, na msomaji wa Kitanzania anajua neno hilo katika soka letu linamaanisha nini: watu wanaotumwa kwa mganga. Wapo waliosema imani yetu ilikuwa ndogo. Winga wetu wa kulia, kijana aliyekuwa akitumikia altareni pamoja nami tangu darasa la nne, hakusema kitu. Jumapili iliyofuata hakuja kanisani, wala iliyofuata. Nilipomfuata kwao Magomeni Mikumi aliniambia kwa utulivu kabisa kwamba yeye usiku ule alisali kwa moyo wote, na hakusikilizwa, na kwa hiyo ameshapata jibu lake. Sikuwa na la kumwambia. Mpaka leo hakurudi.

Nimesimulia haya kwa sababu watu wengi huona suala la kusali bila kujiandaa kama udhaifu mdogo, wa kuchekesha. Mimi niliona mtu akipoteza imani kwa ajili yake.

Sanduku la Agano na kombeo

Kitabu cha kwanza cha Samweli kina visa viwili vya vita na Wafilisti ambavyo ni vizuri kuvisoma kwa pamoja.

Katika sura ya 4, Waisraeli wanashindwa vita ya kwanza. Wazee wanauliza swali zuri, kwa nini tumeshindwa leo, lakini hawasubiri jibu. Wanatuma watu Shilo walilete Sanduku la Agano kambini. Linapofika, kelele za shangwe zinatikisa nchi, hata Wafilisti wanaogopa. Kisha vita inapiganwa, Israeli inapoteza watu elfu thelathini, na Sanduku lenyewe linatekwa. Sanduku lilikuwa takatifu kweli, si la bandia. Kosa lilikuwa jinsi lilivyotumiwa: lilibebwa kama hirizi, na watu wanaolibeba hawakubadilika chochote.

Katika sura ya 17 anatokea Daudi. Mara nyingi tunahubiri kwamba Daudi alishinda kwa imani bila silaha, jambo ambalo si sahihi. Anapoulizwa na Sauli, Daudi anaeleza historia ya kazi yake: amechunga kondoo, amepambana na simba na dubu. Anapovikwa silaha za mfalme anazivua, na sababu anayoitoa ni ya kimichezo kabisa, kwamba hajazizoea. Anachukua kombeo, kitu ambacho mikono yake inakijua kwa miaka. Halafu anakwenda kwa jina la Bwana wa majeshi. Jina la Bwana na kombeo lililozoeleka vinakwenda pamoja, na Maandiko hayaoni mgongano wowote kati yake.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2111, inafundisha kwamba kuuhesabia nguvu utendaji wa nje tu wa sala au wa ishara za kisakramenti, bila kujali moyo unaodaiwa na sala hizo, ni kuangukia katika ushirikina. Namba hiyo haizungumzii waganga, inazungumzia sisi wenyewe na rozari zetu. Medali yangu chini ya mwamba wa goli na yai linalofukiwa uwanjani na kamati ya ufundi vilikuwa ndugu. Inauma kuandika hivyo, hasa nikimkumbuka bibi aliyenipa.

Mtakatifu Thoma na siku ya mazoezi ya kivivu

Sisi tunaosoma falsafa tunakutana mapema na fundisho la Aristotle, katika Maadili ya Nikomako kitabu cha pili, kwamba fadhila za kimaadili hatuzaliwi nazo. Tunazipata kwa kutenda, kama fundi anavyokuwa fundi kwa kujenga na mpiga kinubi kwa kupiga kinubi. Mtakatifu Thoma wa Akwino alilichukua fundisho hili akalipanua katika Summa Theologiae, sehemu ya kwanza ya kitabu cha pili, kuanzia swali la 49. Neno lake la Kilatini ni habitus. Kwa Kiswahili tunaweza kusema tabia iliyojengeka: uwezo uliokaa ndani ya mtu kiasi kwamba anatenda vema kwa wepesi, bila kulazimika kuanza upya kila mara. Kipa mwenye habitus hafikirii mguu upi autangulize. Mguu umeshaondoka.

Mambo matatu aliyoyasema Thoma yananigusa kila nikikumbuka Morogoro.

La kwanza liko katika swali la 51, kifungu cha 3. Anauliza kama tendo moja linatosha kuzaa tabia, na kwa upande wa fadhila anajibu hapana. Mfano wake ni moto: hauwezi kuuwasha ukuni mara moja, lazima kwanza kidogo kidogo uondoe kile kilicho ndani yake kinachoupinga moto. Kila mama wa Magomeni aliyewahi kupikia kuni mbichi msimu wa masika anaelewa kifungu hiki kuliko sisi na kamusi zetu za Kilatini. Usiku mmoja wa sala hauwezi kuikausha kuni iliyolowa wiki tatu. Mungu anaweza yote, ndiyo, lakini hakutuahidi kwamba atatukaushia kuni tulizoziacha mvuani makusudi.

La pili ndilo lililonishtua nilipolisoma mara ya kwanza, swali la 52, kifungu cha 3. Je, kila tendo linaongeza tabia? Mimi ningejibu ndiyo: mazoezi kidogo ni afadhali kuliko kutofanya kabisa. Thoma hakubali moja kwa moja. Anasema tendo likilingana na nguvu ya tabia iliyopo, au likiizidi, linaiongeza au linaiandaa kuongezeka, jinsi chakula kinavyomkuza mnyama au matone yanavyotoboa jiwe, ingawa si kila tonge wala kila tone linaonekana limefanya kitu. Lakini tendo likifanywa kwa nguvu iliyo chini ya uwezo ambao mtu tayari anao, halimjengi. Linamwandaa kupungua.

Rudia sentensi hiyo ukiwa unamfikiria mchezaji anayekimbia mizunguko kwa kukokota miguu kwa kuwa mwalimu hatazami. Au frateri anayesali Masifu ya Asubuhi macho yakiwa nusu yamefungwa, siku baada ya siku, akijifariji kwamba angalau yupo kanisani. Nilikuwa nadhani mazoezi ya kivivu ni sifuri. Kumbe ni hasara. Zile siku mbili za kuchekeana uwanjani, fulana na waliovua fulana, hazikuwa mapumziko; zilikuwa zinatushusha.

La tatu, swali la 53, kifungu cha 3: tabia hufifia hata kwa kuacha tu kutenda. Hili halihitaji maelezo. Mwulize mwanakwaya aliyeacha kufika mazoezini tangu Pasaka.

Kiapo cha Olimpia

Paulo alipowaandikia Wakorintho kuhusu wakimbiaji, katika waraka wa kwanza sura ya 9, aya ya 24 hadi 27, hakuwa anatafuta mfano wa mbali. Michezo ya Isthmia ilifanyika jirani na Korintho kila baada ya miaka miwili, na wasomaji wake walikuwa wakiwaona wanamichezo. Wengi tunakumbuka neno lake juu ya taji lisiloharibika. Tunapita haraka juu ya lile lililo katikati, kwamba mwanamichezo hujizuia katika yote. Paulo anaongelea maisha ya kabla ya mbio: chakula, usingizi, starehe. Kisha anajitaja mwenyewe, kwamba anautesa mwili wake na kuutumikisha, kwa hofu ya kuwahubiria wengine halafu yeye akakataliwa. Mtume aliyetokewa na Bwana njiani kwenda Damasko hakujiona amemaliza.

Mwandishi wa kale Pausanias anasimulia jambo kuhusu Olimpia ambalo naona lingefaa kusomwa katika paredi za shule zetu. Wanamichezo waliapa mbele ya sanamu ya mungu wao Zeu kwamba kwa miezi kumi mfululizo wamefuata kikamilifu taratibu za mazoezi. Walikuwa wapagani, na mungu wao hakuwa kitu. Lakini angalia walichokuwa wanaapa. Hawakuenda mbele ya madhabahu kuomba ushindi wakiwa mikono mitupu. Walikwenda na miezi kumi. Mimi na wenzangu tungeapa nini mbele ya altare ya Mungu wa kweli? Mizunguko mitatu ya Kariakoo?

Yale tusiyoyahubiri kuhusu Akhwari

Kila mhubiri Tanzania ana mahubiri yake juu ya John Stephen Akhwari, nami sitaki kuyarudia yote. Mexico City, Oktoba 1968, mji ulio juu ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari. Akhwari anapata maumivu ya misuli, anaanguka, goti linaumia, anafungwa bandeji, anaendelea. Anaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, watu wengi wakiwa wameshaondoka. Kati ya wakimbiaji 75 walioanza, alikuwa wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza.

Tunahubiri bandeji. Tunamfanya kuwa mfano wa moyo tu, kana kwamba mtu yeyote mwenye moyo anaweza kuamka na kukimbia kilomita 42 na goti lililoteguka. Lakini mwaka 1970, miaka miwili baadaye, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, Akhwari huyohuyo alishika nafasi ya 5 katika marathoni, akitumia muda wa saa mbili na dakika kumi na tano hivi. Huyu alikuwa mmoja wa wakimbiaji wazuri wa dunia. Kilichomfikisha mwisho kule Mexico kilikuwa kimejengwa kwenye miaka ambayo hakuna aliyempiga picha. Nasi tunapowaambia vijana habari ya bandeji bila habari ya miaka ile, tunawafundisha kwamba dhamira ya siku moja inatosha.

Mifano ya karibu zaidi ipo, na ni ya wasichana. Oktoba 2022 Serengeti Girls, timu yetu ya taifa ya wasichana walio chini ya miaka 17, ilicheza Kombe la Dunia kule India chini ya kocha Bakari Shime. Mechi ya kwanza walifungwa 4–0 na Japani. Ninajua timu iliyosafiri bila maandalizi inafanya nini baada ya matokeo kama hayo, nimekuwa ndani ya basi lake. Wao mechi iliyofuata waliifunga Ufaransa 2–1, kisha wakatoka sare ya 1–1 na Kanada, wakaingia robo fainali, ambako Kolombia iliwatoa kwa mabao 3–0. Na Aprili 2023 wasichana wa shule ya Fountain Gate ya Dodoma walisafiri hadi Durban, Afrika Kusini, kwenye mashindano ya Afrika ya soka la shule, wakarudi mabingwa. Mashindano yale yalianzia ngazi ya taifa, yakapita ngazi ya kanda, ndipo yakafika bara. Ina maana walipopanda ndege kwenda Durban walikuwa tayari wamesafiri kwa miguu yao.

Kwa upande wangu, ile Serengeti Girls baada ya Japani inanifundisha zaidi kuliko kombe la Durban. Maandalizi hayakuwazuia kufungwa mabao manne, lakini waliamka kesho yake wakiwa bado ni timu.

Je, basi tusisali?

Hapa msomaji makini ataninyoshea kidole, na mwalimu wangu mmoja alishafanya hivyo nilipomsomea rasimu. Frateri, unaelekea kwa Pelagio. Kama kila kitu ni jasho, neema ina kazi gani?

Swali ni la haki. Pelagio alifundisha kwamba binadamu kwa nguvu zake anaweza kufikia wema bila kuhitaji neema ya ndani, na Kanisa lilimkataa, Mtakatifu Augustino akiwa mstari wa mbele. Mimi sisemi kwamba jasho linamlazimisha Mungu. Wapo waliojiandaa miaka mitatu na wakafungwa. Wapo waliojiandaa vibaya na wakapata penalti ya bahati dakika ya tisini. Anayedhani mazoezi yanamfunga Mungu mikono amerudi kulekule kwenye hirizi, ila safari hii hirizi yake ni ratiba.

Thoma anatusaidia tena, katika swali la 109, kifungu cha 6. Anauliza kama mtu anaweza kujiandaa kupokea neema kwa nguvu zake mwenyewe bila msaada wa neema. Jibu lake ni hapana: hata kule kujiandaa ni Mungu anayetugusa kwanza kwa ndani na kutugeuza kumwelekea. Kwa hiyo maandalizi hayako upande wangu na neema upande wa Mungu, kama timu mbili zinazogawana uwanja. Yule kijana anayeamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kukimbia, ile nguvu ya kuamka ni zawadi tayari. Sala ya usiku wa mwisho inakuja kumalizia sala iliyoanza na kengele ya kwanza. Sisi wa Morogoro tuliikataa zawadi siku ishirini na moja, tukaja kuiomba kwa sauti siku ya ishirini na mbili.

Mathayo 25 inanisumbua kwa upande huu. Nilipokuwa mdogo niliwaona wale wanawali watano wenye busara kuwa wachoyo. Kwa nini wasiwagawie wenzao mafuta? Siku hizi nadhani walisema ukweli tu. Kuna vitu havigawiki. Beki hawezi kumkopesha kipa pumzi. Mama hawezi kumpa binti yake usiku wa kuamkia kipaimara ile sala ambayo binti hakuijenga mwaka mzima wa mafundisho. Mafuta yapo kwa wauzaji, mlango unafungwa, na hakuna aliyefanya ubaya.

Wanaparokia mnajua napoelekea. Tuangalie vikao vyetu. Kwa ajili ya Komunyo ya Kwanza tunakaa kikao cha sare, cha chakula, cha mpiga picha. Mtoto anaingia kwenye kitubio chake cha kwanza akiwa amepimwa viatu mara mbili na hajaulizwa hata mara moja kama anaelewa anachokwenda kusema. Kamati ya harusi inakutana wiki kumi na mbili mfululizo, bajeti inasomwa mstari kwa mstari, na semina ya wanandoa inahudhuriwa kwa kuibia. Sipingi sherehe, sisi Waswahili tunajua kusherehekea na Mungu hakasiriki. Lakini uchovu ule ninaujua, unafanana na ule mwingine.

Na mafrateri wenzangu, tusicheke sana. Kuna kuandaa kanzu na kuna kuandaa padre.

Kariakoo

Wiki moja baada ya vijana wale kunijia kanisani nilikwenda Kariakoo kununua viatu. Mtaa wa Kongo, katikati ya watu, nilisikia jina langu la shuleni likiitwa. Alikuwa yule winga wetu. Anauza jezi, na anaandika majina na namba kwa mashine yake mwenyewe. Alinikalisha kwenye kiti cha plastiki akaniagizia soda.

Nilimwambia kitu ambacho sikuwahi kumwambia mtu: habari ya medali. Alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akanyamaza, akaendelea kubandua namba 7 kwenye karatasi yake.

"Unajua," akasema, "kama mtu mmoja tu angesema ndani ya basi kwamba hatukufanya mazoezi, ningeelewa. Nilisubiri mtu aseme. Wewe ulikuwa kiti cha mbele."

Nilimwomba msamaha. Alisema yamepita, akaniuliza kama seminarini tunacheza mpira, nikamwambia tunacheza, na kwamba siku hizi mimi ni beki. Sikumwalika kanisani. Nilitaka, ila niliona siku hiyo haikuwa yangu ya kusema.

Jioni nilimpigia simu nahodha wa wale vijana sita nikamwambia kwamba Jumatatu saa kumi na moja na nusu alfajiri nitakuwa uwanjani, maji yawepo yasiwepo, na kwamba tutaanza kwa sala halafu tutakimbia. Walikuja wanne. Jumanne walikuja tisa. Jumatano mmoja alitapika karibu na kituo cha mwendokasi cha Mapipa, wenzake wakamsubiri, tukaendelea taratibu. Kipa wao ana tatizo lilelile la upande wa kushoto, na mpaka nilipofunga begi kurudi seminarini tulikuwa bado tunampigia mipira hamsini kila asubuhi upande huo.